Mzigo wa Mmoja ni Mzigo wa Wote

Wanafunzi wakiambiwa kwamba mwezi ujao watasafiri pamoja na waalimu wao kwenda mahali pa mbali, furaha huingia darasani kama upepo wa kusi uingiavyo tangani. Wengine huhesabu siku kwa vidole. Wengine hubishana ni nani atakayekaa karibu na dirisha la gari. Walakini ni wachache waulizao swali lililo kubwa kuliko hayo yote, nalo ni hili: Je, mzigo utafungwa namna gani? Swali hilo huachwa mpaka usiku wa mwisho, na aghalabu huachiwa mama. Hapo ndipo safari nyingi huharibika kabla hazijaanza.

Yako maneno mawili yasemwayo sana juu ya mzigo wa safari. Watu wengine husema, "Akiba haiozi," yaani, heri kuchukua vitu vingi kuliko kukosa kimoja. Wengine husema, "Kila mtu na mzigo wake," yaani, alichochukua mtu hakimhusu mwenzake. Kwa mtu asafiriye peke yake ndani ya gari, maneno yote mawili yana kweli yake. Lakini kwa kundi la wanafunzi waendao kwa miguu, yote mawili ni ya hatari. Katika kundi, mzigo wa mmoja ni mzigo wa wote. Azidishaye huwalemea wenzake, na apungukiwaye huwapunguzia wenzake.

Ili jambo hili lionekane wazi, na ifikiriwe shule moja ya pwani, ambayo wanafunzi wake thelathini wa darasa la sita walikwenda na waalimu watatu kuuona mlima Kilimanjaro. Hawakukusudia kufika Uhuru, kilele cha Kibo, kilicho juu mita 5,895. Hiyo ni safari ya siku nyingi, tena si ya watoto. Walikusudia kulala Marangu, chini ya mlima, kisha asubuhi wapande njia ya msituni pamoja na kiongozi wa njia, mpaka kwenye nyumba za kupumzikia ziitwazo Mandara, na jioni warudi. Lango la Marangu liko juu ya usawa wa bahari karibu mita 1,870, na Mandara karibu mita 2,700. Njia ni ya kilomita 8 hivi kwenda, na kadiri ile ile kurudi. Mtoto mwenye afya aiweza, mradi awe amejiweka tayari.

Mtoto wa pwani huielewa bahari, bali baridi ya mlimani haijui. Kwa kawaida, mtu apandapo mita 1,000 hewa hupoa kwa nyuzi 6 hivi. Basi siku ambayo pwani ina joto la nyuzi 30, asimamaye Mandara asitazamie zaidi ya nyuzi 14. Tena msituni kuna ukungu na manyunyu, na mvua huweza kunyesha hata katika miezi isiyo ya masika wala ya vuli. Nguo ya pamba ikilowa hushika maji na kuunyang'anya mwili joto lake. Nguo ya sufu, hata ikiwa na unyevu, humhifadhi mtu kiasi. Kwa sababu hiyo waalimu waliandika karatasi na kumpa kila mwanafunzi. Ilitaja sweta la sufu, koti la mvua, kofia, viatu vilivyokwisha kuzoewa na mguu, soksi jozi mbili, maji lita mbili, na chakula cha mchana. Haikutaja kitu kingine.

Katika wale thelathini, watatu watoshe kuwa mfano.

Wa kwanza alikuwa mvulana wa nyumba yenye nafasi. Mama yake alimpenda sana, naye alimfungia mzigo yeye mwenyewe wakati mtoto amelala. Alitia vyote vilivyoandikwa, kisha akaongeza makopo manne ya nyama, chupa tatu za soda, blanketi, tochi mbili na betri zake, na viatu vipya vilivyonunuliwa jana ili mwanawe asionekane mnyonge mbele ya wenzake. Shanta yake ilikuwa na kilo 9. Koti la mvua, ambalo lilitiwa mwanzo, lilikuwa chini kabisa.

Wa pili alikuwa msichana aliyefunga mzigo wake kwa mkono wake. Alivitandaza vitu vyote juu ya mkeka, akakitazama kila kimoja na kujiuliza, "Hiki kitatumika saa ngapi?" Kilichokosa jibu alikirudisha mahali pake.

Wa tatu alikuwa mvulana ambaye kwao hakukuwa na sweta. Mama yake aliuza mboga sokoni, na fedha ya nauli ilikuwa imekusanywa senti kwa senti. Mtoto aliisoma karatasi, akaikunja, akaitia mfukoni. Alipoulizwa na wenzake, alisema, "Mimi sioni baridi." Akavaa mashati mawili ya pamba, akanyamaza.

Siku ya safari, saa ya kwanza ya kupanda ilikuwa ya nyimbo. Mbega wenye manyoya meusi na meupe waliruka matawini, na watoto wakawaonyeshana kwa vidole. Saa ya pili mvulana wa kwanza alianza kubaki nyuma. Mikanda ya shanta ilimkata mabega, na viatu vipya vilimtia malengelenge visiginoni. Rafiki yake akachukua makopo mawili. Mwingine akachukua chupa za soda. Msichana akachukua blanketi. Hivyo waliojipimia vema walijikuta wamebeba vitu ambavyo hawakuvifunga wala hawakuvihitaji.

Kisha mvua ikaja. Wenzake walivaa makoti yao mara moja, lakini yeye ilimpasa kuimwaga shanta yote matopeni ili alipate koti lake. Mstari mzima ukasimama kumngoja, robo ya saa. Naye mtu atembeaye hujipasha joto kwa kutembea; akisimama katika mvua, joto hilo humtoka upesi. Wakati wa kungoja huko mvulana wa tatu alianza kutetemeka. Midomo yake ilibadilika rangi, wala hakuweza kusema sawasawa. Mwalimu alipomshika mkono akaona ni baridi kama jiwe la mtoni, akamfunua, akakuta mashati mawili yaliyolowa chapa chapa. Akamvua nguo zile, akamvika sweta lake mwenyewe, na msichana akaleta blanketi.

Mwalimu mmoja alitakiwa kumteremsha mtoto huyo mara moja. Wa pili alitakiwa kumsaidia yule wa viatu vipya, ambaye hakuweza tena kukanyaga. Akabaki mwalimu mmoja na watoto ishirini na wanane, na hiyo haikuwa kadiri ya kuwatunza watoto msituni katika mvua. Kiongozi wa njia akatoa shauri, nalo likakubaliwa: wote warudi. Mandara ilikuwa mbele yao mwendo wa nusu saa tu.

Sasa na iulizwe, kosa lilikuwa la nani? Watu wengi wangejibu upesi, "La wale wawili, mmoja alizidisha, mwingine alipunguza." Jibu hilo ni jepesi mno, wala si la haki. Makosa yale hayakuwa sawa. Wa kwanza alikuwa na uwezo wa kuifuata karatasi, wala hakuifuata. Wa tatu hakuwa na uwezo, na hakuna aliyemwuliza. Karatasi iliandikwa kana kwamba nyumba zote thelathini ni nyumba moja. Waalimu walikumbuka baridi ya mlima, wakasahau kabati la mtoto maskini. Na wenzake, waliomsikia akisema haoni baridi, walicheka wakapita, ingawa kila mmoja alijua kwamba hakuna mtu asiyeona baridi.

Hata hivyo mtoto yule naye alikosa jambo moja, nalo lazima lisemwe kwa upole: aliificha haja yake. Alidhani kwamba aibu itamwua, kumbe baridi ndiyo iliyokaribia kumwua. Kusema "Sina" si aibu. Aibu ni ya yule amchekaye asemaye "Sina." Darasa ambalo mtoto hawezi kulitamka neno hilo bila kuchekwa, darasa hilo halifai kusafirishwa hata mpaka mto wa jirani.

Wahenga walisema, "Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi." Maana yake, mzigo ulio kichwani pa mtu mwingine huonekana mwepesi kama mfuko uliojaa sufi. Aliye mbali na uzito huo huudharau. Mithali hii humkemea mama ajazaye shanta asiyoibeba yeye, na humkemea mwanafunzi asiyejali jirani yake amechukua nini.

Watu wa kale wa nchi hii waliujua ukweli huo kwa miguu yao. Katika karne ya 19 misafara ilitoka Bagamoyo ikaenda Ujiji, penye ziwa Tanganyika, mwendo upitao kilomita 1,000. Wapagazi, na wengi wao walikuwa Wanyamwezi waliochukua mizigo kwa ujira, walibeba mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kilo zipatazo 32. Mizigo hiyo ilifungwa na kupimwa kabla ya kuondoka. Juu ya mzigo wake mpagazi alikuwa na mkeka wake na posho yake. Chungu cha kupikia hakikuwa cha kila mtu; kilikuwa cha kundi dogo la watu waliokula pamoja. Hawakumwacha kila mtu ajichukulie apendavyo, kwa kuwa mmoja akibaki nyuma, wote huchelewa. Na wote wakichelewa, posho ya wote hupungua. Hata leo, katika mlima Kilimanjaro, mizigo ya wapagazi hupimwa kwa mizani langoni, na kilo 20 ndiyo kadiri iliyowekwa. Ikiwa watu wazima, ambao kazi yao ni kubeba, hawaachwi bila mizani, je, mtoto wa darasa la sita ataachwaje?

Kipimo cha mtoto si kigumu kukikumbuka. Waganga wengi hushauri kwamba mzigo wa mgongoni uwe karibu sehemu moja katika kumi ya uzito wa mwili wake, wala usizidi sana hapo. Basi mtoto mwenye kilo 40 abebe kilo 4. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo 1. Kwa hiyo lita mbili zimekwisha kula nusu ya mzigo wote. Zimebaki kilo 2. Sweta na koti la mvua hutwaa kilo 1 hivi, na chakula cha mchana nusu kilo. Ibakiyo ni nusu kilo tu, ambayo ni nafasi ya soksi, kofia na shanta yenyewe. Mwanafunzi aliyeifanya hesabu hii mara moja kwa kalamu yake hahitaji kukatazwa makopo ya nyama. Huyaacha mwenyewe.

Tena si vitu tu vinavyopasa kuchaguliwa, bali na mahali pake ndani ya shanta. Kitakachohitajiwa kwa haraka na kikae juu. Kwa hiyo koti la mvua ndilo la mwisho kutiwa na la kwanza kutolewa. Kilicho kizito na kikae karibu na mgongo, kisivute mabega nyuma. Kioo kisitiwe kabisa, kwa kuwa chupa ikivunjika hukata mikono na nguo. Nguo kavu na ifungwe katika kitambaa kisichopenya maji. Ile mifuko ya plastiki ya kubebea, iliyokuwa ikitumiwa kwa kazi hiyo, imekatazwa na sheria Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, na sababu yake yafahamika kwa kila aliyeiona imetanda mitaroni. Maganda, karatasi na kila takataka ya msafiri ni sehemu ya mzigo wake mpaka arudi chini; mlima haukumwita ili auache uchafu wake huko.

Hapa atasimama mwenye mithali ya kwanza, aseme, "Je, na ikitokea hatari? Akiba haiozi!" Neno lake lisidharauliwe, kwa maana hatari hutokea. Lakini na afikiri: watoto thelathini wakichukua kila mmoja sweta la akiba, yatakuwa masweta thelathini migongoni, na huenda siku ile wakahitajiwa mawili au matatu. Akiba ya kundi na iwe mali ya kundi. Masweta matatu au manne, sanduku moja la dawa na bandeji, tochi mbili, na maji ya ziada, vikigawanywa kati ya waalimu na wale walio na nguvu, vyatosha. Kitu kimoja tu hakigawanyiki, nacho ni dawa ya mgonjwa. Mwenye pumu, au ugonjwa mwingine aujuao, na ashike dawa yake mwenyewe, tena mwalimu ajue iko wapi. Wala asimpe mwenzake dawa hiyo, hata akiombwa kwa machozi.

Atasimama na mama, aseme, "Mtoto akiachiwa kufunga, atasahau." Naam, huenda akasahau. Lakini na asahau nyumbani, wiki moja kabla, ambapo kosa lake laweza kutengenezwa, kuliko kupotelewa na vitu vyake msituni kwa kuwa hakuvifunga yeye. Mkono uliotia ndio ujuao mahali pa kutoa. Kazi ya mama ni kutazama na kuuliza; kazi ya mtoto ni kufunga. Na mtoto asiige mzigo wa rafiki yake. "Usisafirie nyota ya mwenzio," wasema mabaharia. Mwili wa huyu si mwili wa yule, na haja zao si moja.

Basi shauri lenyewe ni fupi. Wiki moja kabla ya safari, kila mwanafunzi na aifunge shanta yake mwenyewe, ailete shuleni, ipimwe kwa mizani, kisha aizunguke nayo mara kadhaa katika uwanja wa mpira akiwa amevaa viatu vya safari. Kilichomlemea uwanjani kitamshinda mlimani, na kiatu kitakachomwumiza uwanjani kibaki nyumbani. Katika wiki hiyo hiyo mwalimu na azungumze na kila mtoto peke yake, mmoja mmoja, wote bila kuchagua, ajue ni nani apungukiwaye na nini. Aliyejaliwa sweta mbili na alete moja. Masweta yote ya kuazimana yatiwe katika sanduku moja na kugawanywa bila kutaja majina, ili asiyekuwa nalo asitambulike kwa macho ya watu.

Shule ile, katika mfano huu, ilifanya hivyo ilipopata safari ya pili. Mizani iliazimwa kwa mchuuzi wa unga. Siku ya kupima kulikuwa na kicheko kingi, na makopo mengi yalirudi nyumbani. Sanduku la masweta likafunguliwa, na watoto sita wakavaa masweta ambayo hakuna aliyeuliza yametoka wapi. Mvua ilinyesha tena msituni, maana mvua haisomi karatasi za waalimu. Lakini makoti yalitoka upesi, mstari haukusimama, na wote wakafika Mandara wakala chakula chao.

Katika kuteremka, yule aliyepata kubeba kilo 9 alimwuliza mwenzake, aliyepata kutetemeka, kama sweta lake lina joto. Akajibiwa kwamba lina joto sana. Hakusema lolote zaidi, kwa kuwa lilikuwa ni lake.